Galaksi Ndogo Chini ya Sebule ya Mama Béa

Tata Anselme alizikwa Lubumbashi mwezi uliopita. Nilifika kwenye kilio na mvi zangu, miwani yangu na maneno mawili matatu ya kumfariji mjane, na kabla sijaketi mpwa mmoja wa marehemu alinishika bega akawatangazia waombolezaji wote, padri akiwemo: "Huyu njo mademoiselle mwenye alipata kobalti chini ya salon ya Mama Béa!" Watu walinigeukia kwa heshima ambayo sijawahi kupewa na chuo kikuu chochote. Nimefundisha fizikia maisha yangu yote ya utu uzima. Nimeandika juu ya sumaku ya galaksi ndogo mpaka macho yamechoka. Kobalti sijawahi kuitafuta hata siku moja, na nilimweleza hivyo bwana mmoja mwenye kofia aliyekaa kando yangu. Alinikonyeza. "Mama, tunaelewa," alisema. "Bintu ya madini habisemwe mbele ya batu." Nikakata tonge la bukari, yaani ugali, kwa nguvu kuliko lilivyohitaji, maana hasira ya mwaka ule wa Kolwezi ilikuwa imerudi yote, nzima, kana kwamba nimeiacha jana.

Mwaka ule nilitakiwa kuandika tasnifu, na bweni letu la Lubumbashi lilikuwa na kelele ambayo hata viziwi wangelalamika. Ndugu wa parokia akanitafutia chumba Kolwezi, katika mtaa wa zamani wa wafanyakazi wa mgodi, kwa Tata Anselme na mke wake Mama Béa. Nyumba yao ilikuwa ya matofali, paa la bati, vyumba vidogo, na sebule ambayo ilikuwa fahari ya mama yule. Sakafu yake ya saruji ilipakwa nta nyekundu, na kila Jumamosi Mama Béa aliisugua kwa kipande cha blanketi chini ya mguu, akicheza huku na huku kama yuko arusini, mpaka ukiinama unaona pua yako. Viatu viliachwa mlangoni. Hata askofu angeviacha. Kampuni ya mgodi iliposhindwa kulipa mishahara, iliwaachia wafanyakazi nyumba walizokuwa wakikaa, kisha ikawaaga. Kwa hiyo nyumba ile haikuwa mali yao ya thamani kati ya nyingine. Ndiyo ilikuwa mali yao, basi, na Mama Béa alilijua hilo vizuri kuliko mumewe.

Tata Anselme alikuwa amefanya kazi ofisi ya michoro, akichora ramani za mgodi kwa mkono, na ingawa kazi ilikuwa imekwisha zamani, kila asubuhi alivaa shati lililopigwa pasi, akaweka kalamu mfukoni, stylo kama alivyoiita, akakaa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Nje, mtaa mzima ulikuwa unachimbwa kutafuta kobalti. Vijana kutoka kila pembe ya Kongo, hao tunaowaita creuseurs, walikuwa wameanza na vilima vya nje ya mji, wakaingia kwenye viwanja, sasa majirani wenyewe walikuwa wanatoboa nyuma ya vyoo vyao. Tata Anselme aliwatazama kwa dharau ambayo hakuificha. "Banachimba sawa mapanya," alisema, na hakuacha kusema. "Bila plan! Kwetu, pelle haikuingia mu udongo kama plan haijasainiwa." Pelle ni koleo, na plan ni ramani ya mgodi. Mama Béa, aliyekuwa ameamka mapema kukaanga beignets, maandazi ya kuuza, alimjibu bila kuinua macho kutoka kwenye mafuta: "Plan hailiwe, tata." Huo ndio ulikuwa wimbo wa nyumba ile, asubuhi na jioni, na mimi niliusikia kupitia ukuta huku najaribu kufikiria mambo ya mbinguni.

Sasa niseme nilichokuwa nafikiria, maana hapo ndipo balaa lote lilipoanzia. Uga wa sumaku ni ile nafasi kuzunguka sumaku ambamo nguvu yake inafika. Galaksi nazo zina uga huo, umetanda katika gesi iliyo kati ya nyota, dhaifu sana, lakini upo. Galaksi kubwa kama hii yetu inazunguka, sehemu ya ndani ikiipita ya nje, na mzunguko huo unauvuta uga na kuuviringisha mpaka unakua. Haya, hilo linaeleweka. Lakini kuna galaksi ndogo, zinazozunguka polepole na karibu kwa mkupuo mmoja, hazina mvuto wa kutosha hata wa kuishika gesi yao isitoroke, na bado ukizipima unakuta zina uga wenye nguvu isiyozistahili. Umetoka wapi? Na ukishakua, unashikiliwa na nini usipeperuke na gesi? Swali hilo nililipenda mno, na kila mtu wa Kolwezi aliyenisikia nikilisema alinionea huruma.

Mama Béa alinivumilia kuliko wengine. Siku moja alikuja muuza makaa kutoka Mutshatsha, baiskeli yake imebeba magunia kupita kimo chake, yamefungwa kwa vipande vya mpira wa tairi la ndani. Nilimwomba kipande kimoja, nikakifunga ncha zake kuwa pete. Nikamwonyesha Mama Béa: unakivuta mpaka kirefuke, unakipinda kiwe kama namba nane, unakikunja pete mbili zilale moja juu ya nyingine. Sasa zinavuta mbili pale ilipovuta moja. Vuta tena, pinda tena, kunja tena. Ndivyo uga unavyokua, nikasema, kutoka mbegu ndogo kabisa. Alikishika, akavuta mwenyewe, akatikisa kichwa. "Basi nguvu inatoka ku mukono," alisema, "haiko ku mpira." Nilitaka kumbusu. Ndiyo mama, nikasema, na katika galaksi ndogo mkono ni nyota zinazokufa: nyota kubwa ikifika mwisho inalipuka, inaikoroga gesi yote jirani, na gesi ikikorogwa inavuta na kukunja uga uliomo ndani yake. Uga unakua mpaka uwe mgumu kiasi cha kuibishia gesi, ndipo unaacha. Zisipokufa nyota, mkono unalegea na mpira unalegea. Mama Béa aligeuza beignets zake. "Sasa, Judith," aliuliza kwa upole, "ile inasaidia nini?"

Swali hilo nimeulizwa mara nyingi tangu hapo, na wenye mamlaka, na wenye digrii, na sijawahi kupata jibu lililomridhisha muulizaji. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba hata kitu cha kuwaonyesha sikuwa nacho. Toka Kolwezi unaweza kuona galaksi ndogo mbili kwa macho matupu, chini upande wa kusini, kama mabaki ya moshi. Lakini kiangazi, anga linapokuwa wazi, saa ambayo watu wa heshima wako nje hazijachomoza. Zinaanza kuonekana jioni mvua zikishaanza, yaani mawingu yakishafunika kila kitu. Kama kuna aliyepanga hivyo, alinikusudia mimi. Nilibaki na ramani tu. Profesa wangu alikuwa amenipa nakala ya ramani ya galaksi moja ndogo, iliyochorwa kwa mawimbi ya redio: mistari iliyozunguka kama ya mlima, ikibanana pale mawimbi yanapokuwa na nguvu, na juu yake vijistari vifupifupi vikionyesha uga umeelekea wapi. Niliibandika ukutani chumbani kwangu. Ingekuwa ni pambo tu kwa mtu mwingine yeyote, lakini mwenye nyumba alikuwa mchora ramani wa mgodi.

Aliingia kunirekebishia bawaba ya dirisha, akasimama. Aliiangalia ramani ile kwa muda mrefu, mikono nyuma, kama mtu anayesoma tangazo la kifo. Kwa jicho la Kolwezi, ile haikuwa galaksi. Mistari iliyobanana ni pale madini yanapokuwa mazito, na vijistari vile vifupi ndivyo wanavyoonyesha tabaka la mwamba limelala kuelekea wapi. Kila ramani aliyowahi kuichora ilikuwa hivyo. "Nani alichora hii?" aliuliza. "Ana mukono muzuri." Nikaeleza. Nikataja umbali, nikasema mwanga wenyewe unasafiri maelfu ya miaka kutoka ukingo huu hadi ule. Alicheka kidogo, cheko la mtu wa ofisi anayeijua siri ya ofisi. "Njo vile," alisema. "Hata bageologues betu habakusema kitu." Kesho yake alikuja na karatasi ya kalki, ile nyembamba inayopitisha mwanga, akaomba ruhusa ya kunakili. Nilimpa, tena nilifurahi, nikidhani hatimaye kuna mtu katika mji huu anayependa galaksi.

Wiki ile ile nilianza kusikia minong'ono dirishani, pale wanawake wanapopanga foleni ya beignets. "Yule mutoto anasoma champ magnétique." "Ee, sawa balisomaka bale ba avion bakitafuta mali." Champ magnétique ni uga wa sumaku, na kampuni iliwahi kurusha ndege kuupima ardhini ikitafuta madini. Mmoja aliuliza kama naweza kupita kwake na sumaku yangu. Nilitoka nje na mswaki mdomoni nikawaeleza wote pale, kwa ukali, kwamba sina sumaku, kwamba gesi ninayoisoma ni nyepesi kuliko hewa ya ndani ya chupa uliyoifyonza, kwamba huko hakuna koleo litakalofika. Waliitikia kwa adabu. Mmoja akasema, "Ndiyo, ingénieur." Kadiri nilivyokana ndivyo nilivyoaminika, maana katika mji ule mtu asiyejua kitu ndiye anayeongea sana, na anayejua ndiye anayekana. Nilipiga simu kwa profesa kutoka kibandani kumwomba nirudi Lubumbashi. Yeye akaniambia uga wangu unakua vizuri lakini haushikiliwi: katika hesabu zangu unaondoka wote na upepo wa gesi. "Maliza kwanza," akasema, akakata.

Nilirudi nyumbani na hasira zangu mbili nikakuta meza ya sebule imesogezwa. Kalki ilikuwa sakafuni, imelinganishwa na kuta za nyumba, na pale mistari ya galaksi ilipobanana, Tata Anselme alikuwa amepiga alama ya chaki juu ya nta nyekundu. Alikuwa amekunja mikono ya shati. Mama Béa alisimama mlangoni pa jikoni, mwiko mkononi, akimtazama kama unavyomtazama mgonjwa anayeanza kuweweseka. "Tata, hii nyumba ni yetu," alisema. "Njo kitu moja tuko nayo." Yeye akajibu, "Kuko plan, Béa. Plan iko." Kisha akapiga sururu. Nilipiga kelele, nikaapa kwa Mungu na watakatifu, nikasema ile ni galaksi, galaksi, galaksi! Sakafu ilipasuka kwa mlio ambao bado naukumbuka, na Mama Béa alijifunika uso kwa kitenge.

Na kwa kuwa tulikuwa Kolwezi, akapata. Ingekuwa mji mwingine angetoa udongo na mizizi, akaona aibu, yakaisha. Lakini Kolwezi ukichimba kaburi unaweza kutoka na madini. Shimo lilipompita kichwa, alianza kutoa mawe meusi, laini upande mmoja, na mnunuzi aliyeitwa kuja kuyaona alilamba kidole akayagusa, akauliza bei papo hapo. Siku hiyo nilikoma kuwa mwanafunzi wa fizikia. Watu walileta michoro ya viwanja vyao niisome. Mwanamke mmoja aliniletea kuku. Nilikaa kitandani kwangu nikalia kwa hasira, kwa sababu hakuna hoja duniani inayoweza kushinda gunia la mawe lililosimama mlangoni.

Niliandika, hata hivyo. Sijui kwa nguvu gani. Tulikuwa tunakula sombe na ndagala, yaani kisamvu na dagaa, jikoni, sahani magotini, maana sebule ilikuwa ya udongo, na mimi nikitafuna nilikuwa nawaza juu ya upepo. Jibu lilinijia Mama Béa alipofunika sufuria, maji yakafoka yakakaribia kuzima mbabula, lile jiko la makaa, akasogeza kifuniko kidogo. Gesi ikikorogwa sana, uga mdogo mdogo uliosokotana unajaa humo ndani na kuuziba ule mkubwa usikue. Upepo wa kiasi unaubeba ule msokotano kwenda nje, na mkubwa unapata nafasi. Upepo ukizidi, unabeba vyote, na galaksi inabaki bila kitu. Nilihesabu upya, na safari hii uga ulikua na ukakaa. Watu wamewahi kuniambia, niliposimulia hili, kwamba kumbe galaksi ni kama Kolwezi, au ni kama maisha. Naomba waniache. Galaksi ni kama galaksi, na ile ndiyo siku pekee ya furaha niliyoipata mwaka ule.

Mvua za kwanza ziliingia, na ufa ulitokea. Ulianzia kwenye ukingo wa shimo, ukavuka vipande vya nta nyekundu vilivyobaki, ukapanda ukuta ulioshika paa, mpana kiasi cha kupitisha kidole. Tata Anselme alikuwa ameshapinda chini kulifuata tabaka, moja kwa moja kuelekea ukuta ule. Mama Béa hakulala tena chumbani. Alitandika jikoni, karibu na mlango wa nje. Mchana mmoja alinishika mkono, vidole vyake vikinuka mafuta, akaniambia kwa sauti ya chini: "Miye hanisikie tena. We anakusikia. Nyumba ikianguka, mi niko na nini?" Alikuwa analia. Nilimwona akilia mara hiyo tu, katika mwaka mzima wa kuishi naye.

Nilikwenda kwenye shimo. Tata Anselme alikuwa chini, mgongo ukutani, sururu imelala miguuni pake. Nilimwambia, kwa mara ambayo sitaki hata kuihesabu, kwamba ramani ile haikuwa ya udongo, ilikuwa ya nyota na gesi, na nikamuuliza nimsaidie vipi aamini.

"Mi nayua," alisema.

"Unayua nini, tata?"

"Nayua haiko udongo. Ku pembeni ya ile plan baliandika masaa. Masaa, dakika, na segonde. Mi nilichoraka ma-plan miaka yote, Judith. Udongo gani inapimwaka na masaa?"

Ni kweli, mahali pa kitu angani hupimwa kwa saa na dakika. Nilikaa ukingoni, miguu ikining'inia ndani. Miezi yote ile! Makelele yote, viapo vyote, kuku! "Unayua tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Wakati nilirekebisha dirisha."

"Sasa ju ya nini ulivunja salon ya mama?"

Alipangusa mikono kwenye suruali. "Bajirani bote banachimba," alisema. "Béa anauzisha beignets asubui mpaka jua linaingia, na miye nakaa na chemise ya pasi. Unazani siione? Lakini miye haniko creuseur. Niko mutu ya bureau, ya ofisi. Mutu ya bureau hachimbake bila plan. Yako njo ilikuwa plan ya kwanza kuingia mu hii nyumba tangu batufukuze."

Nikasema tu, "Basi acha sasa. Ukuta unapasuka."

"Nimeona ukuta." Na hapo ndipo nilipoona udongo umekauka kwenye sururu yake, na kwamba alikuwa ameacha kuchimba kabla sijafika, pengine tangu asubuhi, pengine tangu jana yake. Alikuwa anaogopa. "Nani atanipa ordre?" aliuliza, kama karani anayengoja amri, na hakuwa anatania. "Kazi ya chantier yenye inatoa mali haifungwake hivi hivi. Inafungwa na plan. Inachorwa, inasainiwa."

Basi tukachora. Nilimvuta kutoka shimoni, akanawa mpaka viwiko, akaleta rula zake, kalamu za wino na karatasi safi ya kalki ambayo aliitunza chini ya godoro, tukaketi kwenye meza ya jikoni. Nilichora kuta, shimo na ufa. Alinipigia kelele juu ya kila mstari. Kaskazini iko wapi? Plan bila kaskazini ni nini, ni mapambo? Skeli? Hata herufi zangu hazikumpendeza, akazifuta kwa wembe akaandika mwenyewe, wima, nzuri, za ofisi. Tulipofika mahali pa sababu ya kufunga, nilipendekeza tuandike kwamba mali imekwisha, ili majirani waliokuwa wakichungulia wamwache kwa amani. Alinitazama kama nimetukana mama yake.

"Mali haijakwisha," alisema. "Plan haisemake bongo, haidanganyake."

Nilitaka kugonga kichwa mezani. Mtu aliyechimba sebule yake kwa ramani ya galaksi ananifundisha mimi ukweli wa ramani! Lakini alikuwa sahihi, na hilo liliniudhi kuliko yote. Tukaandika: kazi imesimamishwa, hatari kwa nyumba. Akasaini. Akanipa kalamu, nikasaini chini yake, na alipuliza wino mpaka ukakauka. Kisha alisimama, akavaa lile shati lake, akafunga vifungo vyote, akamwita mke wake kutoka uani.

Mama Béa aliichukua karatasi kwa ncha za vidole ili asiichafue. Aliisoma yote, polepole, pamoja na kaskazini na skeli. "Imefungwa?" aliuliza.

"Imefungwa," alisema Tata Anselme.

"Muzuri." Akamrudishia. "Mujaze sasa hivi, mbele bukari haijaiva."

Tulijaza shimo lile tukirudisha mawe na udongo pamoja, yale meusi ya thamani nayo, mvua ikipiga bati juu yetu, na Mama Béa alikuja kukanyaga kila tabaka kwa miguu mitupu, kitenge kimefungwa magotini, akihema. Mikono yangu ilitoka malengelenge. Nilikuwa nimekasirika mpaka masikio yanawaka, na nilimpenda Tata Anselme jioni ile kuliko nilivyowahi kumpenda mwalimu wangu yeyote, hata pale aliponisukuma kando mbele ya majirani wote akapaza sauti: "Judith! Unashika pelle sawa stylo! Leta hapa!"